Ukatili ukifika mlangoni: mwongozo kwa muuguzi wa kituo cha afya cha Goma

Mwongozo huu ni wa muuguzi wa kituo kidogo, kile cha Ndosho, Mugunga, Majengo au Katoyi, chenye vitanda vichache, wauguzi wawili usiku na sentinele mmoja getini. Hospitali kubwa zina njia zao. Panzi, kule Bukavu, iliyoanzishwa na Dkt. Denis Mukwege mwaka 1999, inampa aliyebakwa daktari, mshauri wa saikolojia, mwanasheria na msaada wa kuanza maisha upya, vyote mahali pamoja. Lakini mama aliyevamiwa alipokwenda kutafuta kuni upande wa hifadhi ya Virunga haanzii Panzi. Anaanzia kwako, mara nyingi usiku, mara nyingi akisema amekuja kwa ajili ya tumbo.

Nitarudia jambo moja mpaka mwisho, kwa sababu makosa mengi huzaliwa pale linaposahauliwa: muuguzi si polisi, si hakimu, si mchungaji. Hatafuti mkosaji, haamui nani anasema kweli, hapatanishi familia. Analinda mwili wa mtu na siri yake, na anaandika alichokiona. Hilo linamhusu binti aliyebakwa, kijana mwenye risasi mguuni, na hata baba anayekushika kola kwa sababu mtoto wake amefariki.

Kabla usiku haujaingia

Kagua kabati ya kiti za PEP mwenyewe, yaani pakiti za dawa anazopewa aliyebakwa ili kuzuia VVU, mimba na magonjwa ya zinaa. Usiulize kama zipo, fungua uone. Soma tarehe ya kuisha kwenye kila boksi, hasa kidonge cha kuzuia mimba na dawa za watoto. Ufunguo uwe kwa muuguzi wa zamu. Kama IT (muuguzi mkuu wa kituo) amekwenda nao nyumbani, usiku huo kituo hakina kiti, hata ikiwa kabati imejaa.

Chagua chumba kimoja chenye mlango unaofungika, kisichotazamana na benchi la kungojea. Ikiwa huna chumba, pazia na sauti ya chini vitasaidia, lakini usiende kuandikia fishi (karatasi ya mgonjwa) mbele ya watu. Weka humo shuka safi, kitenge au nguo ya kubadili, maji ya kunywa, tochi yenye chaji (umeme ukikatika katikati ya uchunguzi, mgonjwa anashtuka kuliko wewe) na simu yenye initi (salio la kupiga).

Andikeni ukutani, upande wa ndani, namba za hospitali ya rufaa, za ofisi ya zoni ya afya, na za motari (waendesha pikipiki) wawili mnaowaamini ambao hawana mdomo. Kubalianeni pia neno la hatari. Muuguzi akimwambia mwenzake, “Niletee rejista ya kijani,” na kituo hakina rejista ya kijani, mwenzake ajue: toka, ita watu, usiingie humu peke yako.

Anapofika aliyebakwa

Asingoje foleni. Hilo ni la kumfundisha sentinele na mama wa usafi kabla ya muuguzi yeyote, maana wao ndio wanaomwona wa kwanza. Asiulizwe getini “una nini?” Sentinele aseme tu, “Karibu, ngoja niite anfirmie,” yaani muuguzi, na ampeleke.

Ndani, keti. Muuguzi aliyesimama juu ya mtu na kalamu mkononi anafanana na kila mtu mwingine aliyewahi kumhoji. Jitaje jina, sema kazi yako, kisha umwachie nafasi:

“Pole sana, mama. Hapa uko salama. Mimi ni muuguzi. Unaweza kuniambia unachotaka, na usichotaka uache. Hakuna atakayejua bila wewe kukubali.”

Sema “hapa uko salama” ikiwa ni kweli tu. Kama mume aliyempiga yuko benchi nje, kwanza mtafutie mume kazi: aende kununua maji, aende kuandikisha. Mtu wa familia aingie ikiwa mgonjwa mwenyewe amemchagua, na muulize mkiwa wawili tu. Kwa mtoto chini ya miaka 18 (ndiyo mipaka ya sheria ya ulinzi wa mtoto ya 2009) angalia zaidi: anayemleta anaweza kuwa ndiye aliyemuumiza, na mtoto atajibu huku akimtazama usoni.

Kuna maswali yanayotoka mdomoni kabla ya kufikiri: “Ulikuwa unafanya nini huko saa hizo?” “Mbona hukupiga kelele?” “Unamfahamu?” Yafute. Hayabadilishi dawa hata moja. Unayohitaji ni haya: lilitokea lini, saa ngapi, anavuja damu au ana maumivu wapi, alikabwa koo, alipoteza fahamu, kuna uwezekano wa mimba, anatumia dawa gani, ana mahali salama pa kulala leo. Usimlazimishe kusimulia tukio lote. Kumsukuma mtu aseme kila kitu usiku ule ule “ili atoe sumu” ni desturi tuliyoizoea, na Shirika la Afya Duniani limeshauri dhidi yake. Wengine wanaumia zaidi.

Swali la koo huwa linasahaulika. Aliyekabwa anaweza kuonekana mzima, kisha koo likavimba baada ya saa kadhaa. Sauti iliyokwaruza, shida ya kumeza, vidoa vyekundu machoni, au mkojo uliomtoka bila kujua: huyo ni wa hospitali usiku huo huo.

Kabla ya kumgusa, omba. Kisha omba tena kwa kila hatua: nguo, shinikizo la damu, tumbo, sehemu za siri. Akikataa hatua moja, ruka, endelea na nyingine. Kukataa uchunguzi hakumnyimi dawa. Mavazi yaliyochafuka yawekwe kwenye bahasha au mfuko wa karatasi, si plastiki, kwa kuwa plastiki hufuga unyevu na kuoza ushahidi. Na yawekwe kwa idhini yake.

Na kuhusu “kuangalia kama ni bikira”: usifanye, hata baba akisimama mlangoni na pesa mkononi. Umoja wa Mataifa, kupitia Shirika la Afya Duniani na wenzake, ulitamka mwaka 2018 kwamba kipimo hicho hakina msingi wa kisayansi. Hakithibitishi kubakwa wala kutobakwa. Kinamwongezea mtoto jeraha la pili, safari hii kutoka kwa mtu mwenye koti jeupe.

Wanaume nao wanabakwa, na sheria ya Kongo ya tarehe 20 Julai 2006 inawatambua. Mwanaume atasema ana “maumivu ya nyuma” au hataki kukaa kwenye kiti. Mpe chumba kile kile na maneno yale yale.

Dawa, na saa zake

Fuata itifaki ya wizara iliyo ukutani kwenu. Mpangilio wa akili uwe huu.

Damu na majeraha kwanza. Mpasuko mkubwa wa uke au njia ya haja kubwa haushonwi kwenye kituo chenu chini ya tochi. Funga, weka serumu (dripu) kwenye mshipa, mpeleke hospitali.

Kisha VVU. Dawa za kuzuia maambukizi zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake, kwa hiyo usingoje asubuhi ili “daktari aamue”. Kwa mtu mzima kwa kawaida ni kidonge kimoja chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, kimoja kwa siku kwa siku 28. Kipimo cha VVU kinapendekezwa, lakini kukosa kipimo kusicheleweshe kidonge cha kwanza. Watoto hupimwa uzito. Dozi inafuata kilo. Mpe za siku 28 zote kama anakaa mbali au njia ya kurudi si salama. Vituo vingi hutoa za wiki moja ili mgonjwa “arudi tumfuatilie”. Kwa mama wa kambini anayehamishwa kila wiki, huko ni kumkatia dozi njiani.

Mimba: levonojestreli miligramu 1.5 mara moja, mapema iwezekanavyo, na bado ina faida hadi siku ya 5. Akitapika ndani ya saa 2, rudia. Haiharibu mimba iliyokuwepo tayari, kwa hiyo kukosa kipimo cha mkojo si sababu ya kumnyima. Mahali wanapojua kuweka kitanzi cha shaba, hicho nacho hufanya kazi ndani ya siku hizo 5, tena vizuri zaidi.

Magonjwa ya zinaa hutibiwa papo hapo bila kungoja dalili: seftriaksoni ya sindano, azitromisini na metronidazoli kwa dozi za itifaki. Vyote kwa pamoja juu ya tumbo tupu vitamtapisha, na kidonge cha mimba kitatoka navyo. Mpe chakula kidogo. Metronidazoli inaweza kungoja kesho yake. Ongeza chanjo ya pepopunda kama ana kidonda, na ya homa ya ini ya B ikiwa ipo.

Akija baada ya saa 72, usimrudishe. Kosa hili ni la kawaida mno: “Umechelewa, mama.” PEP imepita, lakini kidonge cha mimba kinaweza kuwa hakijapita, magonjwa ya zinaa bado yanatibika, majeraha yapo, usingizi haupo. Na akija baada ya miezi, akiwa na mimba, ana haki ya kujua kwamba Kongo ilichapisha Itifaki ya Maputo katika gazeti rasmi mwaka 2018, na kwamba kifungu chake cha 14 kinataja kutoa mimba kitabibu pale ilipotokana na ubakaji au ndugu wa damu. Imani yako ni yako. Kumficha habari si sehemu ya imani. Mwelekeze kwa daktari wa hospitali ya rufaa, ili mgonjwa aamue mwenyewe.

Kiti hizi zinafika kwa ajili ya kutolewa bure. Usitoze hata fishi.

Kabla hajaondoka muulize kama amefikiria kujiua. Kuuliza hakupandi wazo hilo kichwani, na wengi hushukuru kwamba mtu amethubutu. Mpe tarehe za kurudi: wiki 2, wiki 6, miezi 3. Ziandike kwenye karatasi isiyo na neno lolote la kumsaliti. “Kontroli” inatosha.

Karatasi

Andika maneno yake kama alivyoyasema, ndani ya alama za kunukuu. Usiandike “anadai”, neno hilo ni la hakimu aliyekwisha kuamua. Andika ulichoona: mchubuko wa sentimita 4 paja la kushoto, rangi yake, umbo lake. Chora mwili, weka alama. Usiandike “hakuna dalili za ubakaji”, maana wengi waliobakwa hawana jeraha lolote. Andika “hakuna jeraha lililoonekana leo”, na saa.

Cheti cha kitabibu husainiwa na daktari. Notisi zako ndizo atakazozitegemea, na mwanasheria baadaye. Kwenye rejista ya kawaida tumia namba badala ya jina, na ufunguo wa namba ukae kwenye kabati nyingine. Mji huu umewahi kubadilisha watawala, na rejista yenye majina kamili, umri na avenyu (mtaa) inaweza kuokotwa na yeyote atakayeingia.

Siku chache baadaye familia huja kutaka “kumaliza kindugu”: mbuzi wawili, dola kadhaa, na binti aolewe na aliyembaka. Wakati mwingine shefu wa avenyu yupo nao, wakati mwingine mchungaji. Watakuomba fishi, au uje ushuhudie mapatano. Kataa kwa upole: siri ni ya mgonjwa, na sheria za 2006 haziruhusu kesi ya ubakaji izimwe kwa malipo ya faini. Usiingie katika mabishano ya mila. Useme hivyo, urudi kazini.

Anayepigwa nyumbani

Huyu huja mara nyingi zaidi, na hupewa parasetamoli. “Nimeanguka kwenye mawe” ni maelezo yanayokubalika haraka Goma, mji uliojengwa juu ya lava, ambako kweli watu huanguka. Lakini aliyeanguka huchubuka viganja na magoti. Aliyekinga kichwa huumia upande wa nje wa mikono. Muulize mkiwa wawili: “Kuna mtu aliyekuumiza?” Akisema hapana, acha mlango wazi. Akisema ndiyo, usimwambie aondoke kwa mume leo leo. Wakati wa kuondoka ndio mara nyingi hatari inapozidi. Mpange naye: nani jirani atakayefungua usiku, makaratasi ya watoto yako wapi, nauli imefichwa wapi. Na usimwite mume “kumshauri”.

Risasi na wenye bunduki

Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, hospitali za Goma zililaza majeruhi mpaka kwenye korido. Kituo kidogo nacho kilipokea. Kazi ya kwanza ni damu: kandamiza kwa nguvu zako zote, jaza kidonda kitambaa safi, na kwa mkono au mguu unaomwaga, funga mkanda wa kuzuia damu juu ya jeraha na uandike saa kwenye ngozi. Usichimbe risasi. Angalia upande wa pili wa mwili, risasi inaweza kuwa na mlango wa kutokea. Mpe chanjo ya pepopunda, mfunike apate joto, mpeleke hospitali.

Anayeanza kutibiwa ni aliye hatarini zaidi kufa, awe raia au mwenye magwanda ya rangi yoyote. Ndivyo zinavyosema Mikataba ya Geneva ya 1949, na ndiyo ngao pekee ya kituo chenu: siku mtakapoonekana mnachagua upande, mmekuwa upande.

Chora bunduki iliyokatwa kwa mstari mwekundu, ibandike getini. Wengi wataiheshimu ukiwapa mahali pa kuweka silaha na mwenzao wa kuilinda nje. Wasipoiheshimu, usipigane nao. Wakisema, “Iko wapi ule mutu ya risasi?” usidanganye, maana uongo ukigunduliwa utalipwa na kituo kizima, usionyeshe pia. “Kaka, mimi ni muuguzi, natibu tu, siruhusiwi kusema habari za mgonjwa. IT ndiye anayeongea na wakubwa.” Mikono ionekane. Sauti ya chini, “kaka” au “chef”, kamwe jina la kundi lao. Wakitaka dawa kwa nguvu, waachie dawa. Boksi la seftriaksoni halilingani na muuguzi.

Kuna usiku ambao hakuna neno linalosaidia. Oktoba 2012 watu wenye silaha waliingia nyumbani kwa Dkt. Mukwege huko Bukavu, na mlinzi wake akauawa. Aprili 2019, wakati wa Ebola, Dkt. Richard Mouzoko wa Shirika la Afya Duniani aliuawa kwa risasi katika hospitali moja ya Butembo. Kwa hiyo mjue njia ya nyuma, na mkubaliane mapema nani anatoka na wagonjwa wanaotembea na nani anabaki. Anayebaki awe amekubali mwenyewe.

Familia yenye hasira

Hapa ndipo muuguzi anaweza kuzuia mengi. Ngumi nyingi ninazozijua zilianza na kungoja bila habari: watu kumi uani, mtoto ndani, saa mbili zimepita na hakuna aliyetoka kusema neno. Toka kila nusu saa, hata kama huna jipya. Sema hilo: “Bado tunampa serumu, bado anapumua kwa shida, nitarudi.” Chagueni mtu mmoja wa familia wa kuzungumza naye, hasa mama mkubwa au shangazi, mtu ambaye wengine wanamwogopa kidogo.

Kifo hakitangazwi koridoni. Nendeni wawili, kwenye chumba chenye milango inayofunguka, ninyi mkiwa karibu na mlango. Tumia neno “amefariki”. “Ametutoka” au “hali si nzuri” huzaa dakika kumi za matumaini, kisha hasira. Ondoa mikasi, trei na chupa kabla hawajaingia. Acha walie, hata wapige ukuta. Mtu akikusogelea, rudi nyuma kwa upande, usimpe mgongo, usimshike, usimwambie “tulia”.

Chanzo kingine ni bili. Wauguzi wengi wa hapa wanaishi kwa mapato ya kituo, kwa sababu mshahara wa serikali hauji au unakuja nusu, na hapo ndipo uuguzi unapogeuka ulinzi wa gereza: mama amejifungua, hana pesa, amezuiliwa wodini na muuguzi ndiye mwenye ufunguo. Nasema wazi kwamba ni vibaya, na pia ni hatari kwa muuguzi mwenyewe. Bei ibandikwe ukutani, itajwe siku ya kuingia, na mambo ya deni yashughulikiwe na mhasibu mchana. Asiyetibu adai, anayetibu asidai.

Na wewe

Ukichomwa sindano katika purukushani, au damu ikikurukia jichoni, osha kwa maji mengi kisha ufungue ile ile kabati ya PEP. Saa 72 zinakuhusu pia, na siku 28.

Ukipigwa, utibiwe na uandikiwe fishi kama mgonjwa mwingine. Usimalizie zamu kwa ushujaa. Anayesikiliza waliobakwa asiwe mtu mmoja mwezi mzima. Badilishaneni, kwa sababu huwa anapewa yule “mwenye moyo”, naye ndiye anayeacha kazi wa kwanza. Usingizi ukikukimbia zaidi ya wiki mbili, ukianza kuogopa hodi, au ukijiona unawasemesha wagonjwa kwa ukali usio wako, nenda kwa mshauri wa saikolojia mnayemtumia wagonjwa, ila omba kuonana naye nje ya kituo chenu.

Fungueni daftari la matukio, likae kwa IT. Matusi nayo yaandikwe. Miongozo ya 2002 ya Shirika la Kazi Duniani na wenzake kuhusu ukatili kazini katika sekta ya afya inayahesabu pia. Kila mstari: tarehe, saa, mahali, nini kilitokea, kilianza na nini, nani aliumia, nini kilifanyika. Majina ya wenye silaha yasiandikwe. Nakala ipelekwe ofisi ya zoni kila mwisho wa mwezi pamoja na ripoti ya kawaida, na kwa tukio la mwili kuumizwa, siku hiyo hiyo, pamoja na Oda ya Wauguzi (chombo cha taaluma yao) ya mkoa. Mkiona matukio manne yameandikwa kati ya saa moja na saa tatu usiku, wakati wa kubadilishana zamu, badilisheni saa ya kubadilishana zamu.